Mrejesho: Yule binti yangu wa kikapu

Habari zenu wadau. Mwezi wa tatu niliuliza kama binti yangu wa miaka 12 ana kipaji cha mpira wa kikapu kweli, maana kocha mmoja alimkataa akisema ni mfupi. Wengi mlinijibu: achana na kimo, tazama miguu na macho yake.

Nilimpeleka JMK Park, viwanja vya michezo vya vijana pale Kidongo Chekundu, Dar es Salaam, nikakaa pembeni Jumamosi nne mfululizo bila kusema neno. Akipoteza mpira, yeye ndiye wa kwanza kurudi kukaba. Anadunda kichwa kikiwa juu, anamtafuta mwenzake aliye wazi. Miaka yote hii nilikuwa nahesabu pointi tu, na inaniuma.

Kosa letu kubwa lilikuwa mpira wenyewe. Nyumbani alitumia wa kaka yake, namba 7, saizi kubwa ya wanaume, ndiyo maana akirusha alikuwa anausukuma kutoka kiunoni. Mdau mmoja alieleza kwamba hata wanawake wakubwa wanachezea namba 6, watoto wadogo namba 5. Nikanunua namba 5 Kariakoo. Wiki ya tatu mkono ukanyooka wakati wa kurusha.

Mama yake alihofia daladala za jioni. Sasa wazazi watatu tunapokezana kuwasindikiza mabinti.

Kocha wake mpya ni mwanamke. Juzi binti alimuuliza kuhusu mazoezi siku za hedhi, jambo ambalo mimi baba yake asingeniuliza kamwe. Asanteni sana. Kesho ni zamu yangu ya kuwasindikiza.