Tupeane uzoefu: mlikua wangapi nyumbani, na nani alisoma?

Wakuu, habari zenu. Naomba tuelezane bila kufichana jinsi idadi ya watoto nyumbani ilivyoamua nani ainuke na nani abaki chini. Naanza mimi.

Tulikua wanane, mimi wa kwanza. Jioni moja baba alifungua daftari, akaandika majina yetu, kisha akaweka alama mbele ya mawili tu. Langu halikuwamo. Hakuwa mkatili, hela ya ada ilitosha watoto wawili. Leo hao wawili wana mishahara, wana watoto wawili wawili, na wote wanasoma. Sisi sita tuna watoto watano watano, wengine sita sita, na hesabu ile ya baba sasa tunaipiga sisi. Tumbo moja, matabaka mawili. Kwenu ilikuwaje?

Kitindamimba
Pole sana, mkuu. Mimi ni wa mwisho kati ya saba, na nilisoma kwa sababu nilichelewa kuzaliwa: kaka zangu walikuwa wameshaanza vibarua. Aliyenilea ni dada mkubwa. Alitolewa shule ili anibebe. Alikuwa akisimama nje ya dirisha la darasa lake la zamani, mimi mgongoni, anafuatisha ubaoni. Mpaka leo anaandika majina mawili tu, lake na langu.

Mhudumu wa Zamani
Naomba tusiwalaumu wazazi. Mama yangu alizaa tisa, akazika watatu. Mtu asiye na pensheni, na ameshazika, utamwambiaje azae wawili tu? Watoto ndio akiba yake ya uzeeni.

Nimehudumu kwenye uzazi wa mpango miaka mingi. Watoto wakiacha kufa na mabinti wakibaki shule, mama mwenyewe anakuja kuuliza njia. Bangladesh, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanamke alizaa wastani wa karibu watoto 7. Sasa ni kama 2. Hawakusubiri watajirike kwanza. Wahudumu wanawake walipita nyumba kwa nyumba na vidonge, na watoto wakachanjwa.

Kinachoniuma ni hiki: waliosoma na wa mijini hutangulia kupunguza uzazi, maskini hufuata baada ya miaka mingi. Hapo katikati pengo linatanuka vibaya. Mtoto wa mwenye nacho anagawana kikubwa na mwenzake mmoja, wa maskini anagawana kidogo na wenzake sita. Ukitazama wastani wa taifa utadhani mambo yananyooka.

Wa Kati
Sawa, lakini familia ndogo peke yake haitoshi. Sisi tulikuwa watatu, wote tumesoma, wawili hatuna ajira. Korea Kusini walikuwa na uzazi wa watoto kama 6 mwaka 1960. Uliposhuka, viwanda vilikuwa vinafunguliwa na vijana wakapata pa kuingia. Kwetu sisi kazi hatukupata: wazazi wetu walipunguza watoto, lakini mzigo wa kutulisha bado wanao.

Mleta mada
Mhudumu, umenigusa. Daftari la baba ninalo, na baada ya kukusoma nimelifungua. Majina ni kumi. Mawili yamekatwa kwa mstari. Nyumbani hatukuwa tukiwahesabu.