Ndege wangu chozi anatoka mweusi pichani, nifanyeje?

MwanaTudor: Wakuu, salaam. Uani kwetu Tudor, Mombasa, kuna mgomba umetoa ua, na chozi wanalijia asubuhi na jioni. Kwa macho, dume anameta kijani na zambarau, raha kumtazama. Pichani anatoka mweusi tii, na mbingu nyuma yake nyeupe pe! Kamera iko otomatiki, lenzi ni ya kuvuta, milimita 70-300. Nataka nimpate karibu, manyoya yahesabike, kwa mwanga wa jua tu, flashi sitaki.

Fundi Picha Mtwapa: Rangi ile ya kumeta inatokana na jinsi unyoya wenyewe ulivyoumbwa kuurudisha mwanga, kwa hivyo inategemea umesimama wapi. Jua likiwa mgongoni mwako, kifua kinawaka. Sogea hatua chache pembeni, ndege yuleyule anazimika. Asubuhi kaa mashariki ya mgomba. Wahi tangu saa kumi na mbili na nusu, maana jua la pwani linapanda mbio. Ikigonga saa tatu limeshakuwa kali na tumbo lote la ndege limeingia kivulini.

Na iepuke mbingu. Kamera ikiiona mbingu nyeupe inapunguza mwanga wa picha nzima, ndege anamezwa. Tafuta pembe yenye majani nyuma. Majani yakiwa na giza sana, punguza mwanga kidogo, la sivyo kifua kitaungua, kitoke cheupe bila rangi.

Bi Kizingo: Kaka, usimfukuze, mngoje. Litazame vizuri ua la mgomba: ganda moja la zambarau linajikunja juu, chini yake panatokea safu ya maua mapya. Chozi anapenda kuanzia hapo, kuna utamu mbichi. Weka fokasi hapo kabla hajafika, kiti chako kiwe mita mbili tatu, utulie kabisa. Ndege mwenyewe ana kama sentimita 10 tu, kwa hivyo vuta lenzi mpaka mwisho, 300 yote utaihitaji. Shata (muda wa kuingiza mwanga) iwe 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iache ipande. Chengachenga zinazoletwa na ISO kubwa zinasafishika, picha iliyotikisika haina dawa.

Kijana wa Kisauni: Mimi napenda wingu jepesi, mwanga unakuwa laini.

Fundi Picha Mtwapa: Kwa mnana au shorewanda nakubali kabisa. Kwa chozi dume wingu linaiua rangi.

Bi Kizingo: Jike je? Mara nyingi hana mng'ao, wingu linamfaa sana. Lakini ukimwona anabeba nyuzi za buibui, anajenga. Kile kiota cha kuning'inia usikisogelee, wala usikate majani yanayokiziba ili upate picha. Akishtuka anaweza kukihama.

MwanaTudor: Ahsanteni sana. Upande wa magharibi kuna mwarobaini wa jirani, majani yamefumana. Kesho alfajiri natoa kiti. Je, nivae nguo ya rangi gani?

Bi Kizingo: Yoyote iliyofifia. Kanzu nyeupe iache ndani.