Ushauri: masta ya saikolojia ya jinai Uingereza kwa mwenye digrii ya ualimu na saikolojia

Kaskazi_24:
Wakuu, salaam. Nina digrii ya ualimu na saikolojia ya hapa Tanzania, GPA 3.3. Nataka kusoma masta ya saikolojia ya jinai Uingereza, niishie kwenye kazi ya kupima wafungwa na watuhumiwa. Vyuo viwili vimesema niombe tu. Nihakikishe nini kabla sijalipa kitu? Na Chevening, ule ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, je?

MtuWaTakwimu:
Mkuu, chuo kukukubali na BPS kukutambua ni vitu viwili. BPS ni British Psychological Society, ndiyo inayoidhinisha kozi. Kiulize kila chuo kwa barua pepe: masta hii imeidhinishwa kama hatua ya kwanza ya mafunzo ya fani? Kozi zenye majina yanayokaribiana ziko tele, na nyingine ni za kukuongezea maarifa tu.

Halafu kuna GBC, yaani sifa ya msingi ya mhitimu kuelekea uanachama wa kitaaluma (chartered) wa BPS. Hapa ndipo wengi wa digrii yako wanakwama. Daraja halikusumbui, 3.3 ni daraja la pili la chini kwa viwango vya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Tatizo ni yaliyomo. Wanataka waone saikolojia ya kibiolojia, ya utambuzi, ya ukuaji, ya jamii, tofauti za watu binafsi, mbinu za utafiti, na utafiti wako mwenyewe wenye data. Digrii ya ualimu sehemu kubwa ni ufundishaji. Omba idarani maelezo kamili ya kila somo, maana transkripti inaonyesha majina tu na mtathmini hawezi kubahatisha ulisoma nini. Wakikukatalia, unapita kwanza kozi ya kubadili fani, ya kuhamia saikolojia.

Bi_Shangazi:
Naongezea, mwanangu. Masta yenyewe haikufanyi mwanasaikolojia wa jinai. Jina hilo kule linalindwa na sheria. Hulitumii mpaka usajiliwe na Health and Care Professions Council. Kati ya masta na usajili kuna hatua ya pili, kazi chini ya msimamizi kwa angalau miaka miwili, mara nyingi magerezani au kwenye hospitali zenye ulinzi. Nafasi hizo zinagombaniwa.

Sasa Chevening: inadai saa 2,800 za kazi, na ukimaliza urudi nyumbani miaka miwili. Kwa hiyo hatua ya pili huiungi moja kwa moja. Kama lengo ni kusajiliwa kule, piga hesabu hiyo mapema.

Kaskazi_24:
Asanteni sana. Tasnifu naweza kufanya na wafungwa?

MtuWaTakwimu:
Kwa masta ya mwaka mmoja, usitegemee. Magereza ya England na Wales yana kamati yake ya kupitisha tafiti, na hiyo ni juu ya kibali cha maadili cha chuo. Kibali kikichelewa, muda wa kukusanya data umekwisha. Ndiyo maana wanafunzi wengi hutumia wananchi wa kawaida: unawapa kisa cha kesi kilichoandikwa, unabadilisha kipengele kimoja, unapima hukumu wanazotoa.

Jifunze takwimu kabla ya kwenda, hasa regresheni, yaani kupima jinsi kitu kimoja kinavyotabiri kingine. Na ukifika kwenye HCR-20 toleo la tatu, zana ya kutathmini hatari ya mtu kufanya ukatili, ina vipengele 20: 10 vya historia, 5 vya hali ya sasa, 5 vya usimamizi wa hatari. Kosa la kawaida ni kujumlisha alama. Toleo hilo halina jumla. Unaeleza kila kipengele kina uzito gani kwa mtu huyu, kisha unaandika mazingira yanayoweza kuleta ukatili. PCL-R, kipimo cha usaikopathi, ndiyo ina jumla, mpaka 40.

Bi_Shangazi:
Na ukirudi Bongo, ripoti ya mahakama kuhusu akili ya mshtakiwa inatolewa na daktari wa hospitali ya akili, mfano Isanga pale Dodoma. Wewe utachangia vipimo na mahojiano ndani ya timu, sahihi ni ya daktari. Ukitaka kukaa wodini, linganisha na masta ya saikolojia ya kitabibu ya Muhimbili kabla hujauza kiwanja.