Nilienda kung'oa jino, daktari akaniambia nikapime mifupa. Eksirei ya meno inaonyesha hayo?

MamaZuu:
Habari zenu wapendwa, naombeni msaada. Nina miaka 56, hedhi ilikata nikiwa na 47. Juzi nilienda kung'oa gego wakanipiga ile eksirei ya panorama, unasimama unang'ata kijiti mashine inazunguka kichwa, sasa daktari badala ya kuongelea jino akanionyesha mstari mweupe ukingoni mwa taya la chini, akasema huu ulitakiwa uwe mnene na umenyooka, wako mwembamba na kwa ndani umelikalika. Jino hata halijang'olewa. Nimeshtuka maana siumwi popote. Taya na mifupa ya nyonga anayotaka nikapime wapi na wapi jamani?

Kinywa_Safi:
Pole mama, ila huyo daktari shukuru ameangalia, wengi wanaishia kwenye meno tu. Huo mstari ni gamba gumu la mfupa. Unapimwa unene wake chini ya kile kitundu neva inapotokea karibu na magego madogo, ukiwa chini ya milimita 3 ni dalili ya kumpeleka mtu kupima. Halafu kuna mpangilio wa mtafiti Klemetti wa mwaka 1994 wa kupanga hali ya huo mstari, C1 ukingo wa ndani uko laini, C2 una vishimo vishimo, C3 umetoboka sana kama chujio. Hedhi ikikoma estrojeni inashuka na mifupa inaliwa haraka kuliko inavyojengwa, taya nalo ni mfupa kama mingine. Na kutosikia maumivu kusikudanganye, huu ugonjwa wa mifupa kudhoofika, osteoporosisi, hauumi mpaka siku mfupa unavunjika.
Ila eksirei ya meno haitoi jibu la mwisho, inakunyooshea kidole tu. Jibu linatoka kwenye DEXA, kipimo cha eksirei cha uzito wa mifupa, wanapima nyonga na uti wa mgongo na kulinganisha na mifupa ya kijana mwenye afya, alama ikiwa -2.5 kushuka chini ndio osteoporosisi yenyewe.

Bi_Tatu:
Nenda mamangu usichelewe. Mimi nilijua baada ya kuteleza tu bafuni nikajishika kwa mkono, kifundo kikavunjika, nikaambiwa mtu mzima mwenye mifupa mizima havunjiki kwa kuanguka kidogo vile. Eksirei za meno nilikuwa nazo za miaka, hakuna aliyewahi kuniambia kitu na mpaka leo inaniuma.

Salha77:
Kwani na sisi tukaombe hiyo panorama tuangaliwe?

Kinywa_Safi:
Hapana Salha, usipige mionzi kwa ajili hiyo tu. Ni kwamba kama tayari umepigwa kwa sababu ya meno basi iangaliwe na huku, picha ishalipiwa ipo.
MamaZuu jambo lingine kubwa, hilo gego. Ukikutwa na tatizo unaweza kuanzishiwa dawa za kuzuia mifupa isiliwe kama alendroneti, na ukizitumia halafu ukang'oa jino kuna uwezekano, mdogo lakini upo, kidonda cha taya kisipone na mfupa ukafa. Kwa hiyo malizana na meno kwanza, na daktari wa mifupa mwambie una jino linasubiri.

MamaZuu:
Asanteni sana, kumbe afadhali nimeuliza. Kesho narudi nikang'oe halafu niombe nakala ya ile picha niende nayo DEXA. Bi Tatu pole na mkono, ulipona vizuri?

Bi_Tatu:
Ulipona, ila kukamua nguo ndio bado.