Nataka kujifunza kupika Kimoroko nyumbani kwa familia, nianzie wapi?

MamaSalma_Tanga
Habari zenu wapendwa, naombeni ushauri. Mwezi wa kumi naenda Fes, Moroko, wiki mbili, kuna rafiki yangu nilisoma naye chuo ameolewa kule na mama mkwe wake kasema nifikie kwao anifundishe mapishi. Pilau na biriani nipo vizuri ila kuskusi inanishinda, namwagia maji ya moto kama paketi ilivyoandikwa na inatoka uji kila siku. Nimuombe anifundishe kipi kwanza? Na Kiarabu changu ni cha madrasa tu, tutaelewana kweli?

binti_malindi
Dadangu bahati hiyo usiiachie! Mimi nilikaa na familia Meknes miezi mitatu. Kwanza usahau hayo maji ya moto, kuskusi haimwagiwi maji, inapikwa kwa mvuke tena mara tatu. Ijumaa amka mapema ukae jikoni, maana ndiyo siku yake, watu wakitoka msikitini wanaikuta. Mama anamwaga kuskusi kavu kwenye gsaa, ile sinia kubwa yenye kina, anatia mafuta kidogo, ananyunyiza maji huku anafikicha kwa viganja mpaka kila punje iwe peke yake, halafu inapanda kwenye keskas (chungu cha matundu) juu ya mchuzi wa nyama na mboga unaochemka chini. Pale vyungu viwili vinapokutana anazungushia kitambaa kilicholoweshwa unga na maji ili mvuke usitoroke pembeni, upite kwenye kuskusi wote. Hafuniki juu. Mvuke ukishapita vizuri anaimwaga tena kwenye sinia, maji ya chumvi, anafikicha, anarudisha. Ile ya mwisho anatia smen, samli yao iliyolazwa miezi mingi, harufu kali mwanzoni utashtuka lakini bila hiyo mimi naona kuskusi haijakamilika.

Vipimo usiulize sana. Mimi nilienda na daftari, yule mama akalifunga taratibu akaniambia "aynek mizanek", jicho lako ndio mizani yako, na neno mizani nililielewa bila mkalimani! Akanishika mikono akaitia kwenye sinia. Hapo ndipo nilipojifunza.

pwani_muscat
Naongezea. Darija, Kiarabu chao cha kila siku, maneno wanayameza sana, siku mbili za kwanza utakuwa unatabasamu tu, ila viungo mtaelewana, zafarani ni zaafran, karafuu ni qronfel. Mpelekee karafuu za Pemba nusu kilo, wanazitumia kwenye ras el hanout, mchanganyiko wao wa viungo, na atafurahi mno. Ukifika huko ongeza mche wa sukari, ile ngumu ya umbo la pia, ni zawadi ya heshima kwao. Mwite khalti, ni kama mama mdogo.

Tajini, kile chungu chao chenye mfuniko mrefu, pia jifunze ya mkaa, moto mdogo kabisa, kuku na zeituni na ndimu za chumvi, hufunuifunui kila dakika. Ukinunua ya udongo mpya loweka maji usiku kucha kwanza, yangu ilipasuka siku ya kwanza kwa haraka zangu na nililia kweli.

Bi_Mwanakheri
Mwanangu muombe akufundishe na rfissa. Kuku na dengu, vitunguu vingi, na UWATU, vinamwagwa juu ya msemen iliyochanwachanwa, hiyo msemen ni kama chapati yetu ya kukunja. Wanampikia mzazi akishajifungua. Mimi nilipoionja kwa jirani yangu Mmoroko hapa London nilimkumbuka marehemu mama yangu na uwatu wake wa arobaini, nikashindwa kuongea. Na mkila sinia moja kula upande wako, nyama ipo katikati, subiri mama mwenyewe akusogezee, atakusogezea tu.

MamaSalma_Tanga
Mungu awabariki jamani, machozi yamenitoka. Nimepiga hesabu nitapata Ijumaa mbili, ya kwanza naangalia, ya pili namuomba khalti anipishe nifikiche mwenyewe. @binti_malindi hicho kitambaa cha unga, unga wenyewe ni wa ngano au wowote?

binti_malindi
Wa ngano dada, uwe mzito kama wa chapati za maji.