Uzio wa ekari 3 Kisongo: seng'enge, wavu au michongoma?

Mkulima wa Kisongo:
Ndugu zangu, heshima kwenu. Nina shamba la ekari 3 huku Kisongo, nje kidogo ya Jiji la Arusha, lenye upana wa mita 60 na urefu wa mita 200 hivi, na mwaka huu nimepanda miche ya maembe. Kila kiangazi, malisho yanapokauka, mbuzi huingia na kuitafuna miche hadi shinani. Fundi mmoja amenishauri niweke seng'enge nyuzi nne, ilhali jirani yangu anasema michongoma pekee inatosha. Naomba ushauri wenu, kwa kuwa fedha niliyo nayo hairuhusu kukosea.

Fundi wa nguzo, Moshi:
Ndugu yangu, seng'enge nyuzi nne humzuia ng'ombe, lakini mbuzi hupenya katikati ya nyuzi au hupita chini yake. Mzunguko wa shamba lako ni mita 520. Ukisimika nguzo kila baada ya mita 3 utahitaji nguzo 175 hivi. Kwa mbuzi, weka wavu kuanzia chini kabisa, kisha uzi mmoja au nyuzi mbili za seng'enge juu yake.

Usibane matumizi kwenye nguzo za kona, kwa sababu ndizo zinazobeba mvuto wote wa waya, na kona ikilegea uzio mzima hulegea. Tafuta nguzo nene kuliko nyingine, zifukie hadi mita moja, na uziwekee vitegemeo pande zote mbili ambako waya unavuta. Nguzo za mkaratusi zisizotiwa dawa huliwa na mchwa mapema sana. Hata zilizotiwa dawa, ukilazimika kuzikata, upande uliokatwa uwe juu, usiingie ardhini. Palipo na udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa masika, chimba zaidi, maana udongo huo huzisukuma nguzo.

Tena, usinunue seng'enge kwa kutazama uzito wa roli. Uliza urefu wake, kwa kuwa roli mbili zenye kilo sawa hutofautiana urefu kulingana na unene wa waya.

Mama wa Kibosho:
Nakubaliana na fundi, lakini michongoma usiiache. Ipande ndani ya wavu mwanzoni mwa mvua, umbali wa sentimita 30 kati ya mche na mche, na uipogoe mapema ili ifunge tangu chini. Ikishaziba vizuri, hata waya ukichakaa utakuwa na ukuta. Minyaa, mmea mwingine wa uzio, siipendekezi penye watoto, kwa kuwa utomvu wake hudhuru macho vibaya.

Kabla ya kuchimba shimo hata moja, waite majirani na kiongozi wa kitongoji mtembee mpakani pamoja. Huku kwetu mipaka huonyeshwa kwa mimea ya masale, na mimi niliyang'oa ili waya upite vizuri. Nikaja kugundua kwamba nimeingia hatua mbili kwa jirani, nikalazimika kung'oa nguzo 20. Iliniuma sana, kwa sababu yule jirani alikuwa amenisaidia kubeba nguzo zenyewe.

Mkulima wa Kisongo:
Asanteni sana. Jirani yangu wa upande wa magharibi yuko safarini, basi nitamsubiri arudi. Kwa wiki hizi nitazungushia kila mche matawi ya miiba.