Bata wa Bibi (gumzo la kikundi "Nyumba ya Chumbageni")

IJUMAA

07:02 Mwanahamisi: Asalaam aleikum nyote. Shikamoo Mjomba. Jumapili mchana tunakula kwa Bibi, na safari hii si pilau la kuku. Tunapika bata wa kuchoma, mzima mzima, kama alivyokuwa akipika Babu kule mashambani. Bibi amemtaja mara tatu tangu Ramadhani iishe. Mimi ndiye nitakayepika. Sijawahi kumpika, nasema ukweli, ndiyo maana nataka tupange leo, si Jumapili asubuhi.

07:04 Mwanahamisi: Mahitaji: bata mmoja (Salehe), sufuria la Babu, mkaa debe moja, ukwaju, ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga. Kila mtu elfu kumi. Nani yupo?

07:31 Mwanahamisi: Naona mmesoma.

08:15 Mjomba Athumani: Waaleikum salaam. Marahaba. Ijumaa njema kwenu na vizazi vyenu.

08:16 Mwanahamisi: Amin Mjomba. Salehe?

09:40 Bakari: Mimi nipo upande wa kula. Kupika mtajuana wenyewe 😂

09:41 Mwanahamisi: Upande wa kula nao ni elfu kumi.

10:55 Mwanahamisi: Salehe ndugu yangu, bata.

11:58 Salehe: Nilikuwa bandani, simu niliacha ndani. Bata wapo dada. Kuna jike moja nimeliona asubuhi limenona vizuri. Na lile dume la miaka mitatu linalofukuza watoto.

12:01 Mwanahamisi: Jike. Dume la miaka mitatu utalichoma kutwa na bado likushinde meno. Mchinje leo ukitoka msikitini. Leo, Salehe. Ngozi inatakiwa ikauke usiku kucha, ikiwezekana siku mbili, ndani ya friji bila kufunikwa. Ikiingia motoni na unyevu inabaki kama mpira.

12:03 Bakari: Ndani ya friji bila kufunikwa? Atashikwa na mafua 😂

12:03 Rukia: 😂😂😂

12:04 Bakari: Mfungieni hata kanga jamani

12:06 Mwanahamisi: Bakari, hapa nina jambo la haraka. Salehe, maji ya kumnyonyolea yasichemke. Nyuzi 65 mpaka 70 zinatosha. Yakichemka ngozi inapikika, ukivuta manyoya inachanika, na ngozi ndiyo tunayoitafuta. Tia sabuni ya maji kidogo, manyoya ya bata yana mafuta na maji hayapenyi.

12:07 Bakari: Kumbe anaogeshwa kabisa

13:48 Hamza: Salaam kutoka Maskati. Dada, huku nimeshapika bata wa kugandishwa mara mbili. Unaitoboa ngozi kwa ncha ya kisu bila kufika nyamani, mafuta yapate njia. Oveni nyuzi 180, saa mbili, juu ya wavu, trei chini. Ngozi inalia kau kau mdomoni. Na yale mafuta kwenye trei uyapunguze kila baada ya muda. Yakishika moto usimwage maji hata kidogo, zima na ufunike.

13:55 Mwanahamisi: Asante Hamza. Ila wako ni yule mweupe, ana mafuta tele chini ya ngozi. Wetu ni huyu wa uso mwekundu, asiyelia, anayefoka tu kama nyoka. Mafuta yake machache, nyama nyekundu, ngumu. Nikimpeleka motoni moja kwa moja saa mbili nitawawekea kuni mezani. Huyu apikwe kwa mvuke kwanza, moto baadaye.

13:59 Hamza: Kweli. Yule ni ukoo mwingine kabisa, asili yake Amerika Kusini. Hawa weupe wanatokana na bata mwitu wa kichwa cha kijani. Hata kuatamia mayai hawalingani, weupe siku 28, hao wetu 35.

14:02 Bakari: Kwa hiyo Bibi anaandaliwa mgeni kutoka Brazili. Anacheza namba ngapi?

14:02 Rukia: 😂😂 Anko

14:10 Rukia: Shangazi, oveni ya hapa kwa Bibi bata mzima haingii. Nimepima kwa rula. Na Luku zimebaki uniti nane.

14:12 Mwanahamisi: Ndiyo maana nimetaja sufuria la Babu. Tunapalia. Mkaa kidogo chini, mwingi juu ya kifuniko. Sufuria za siku hizi ni nyepesi, mkaa ukikaa juu kifuniko kinapinda.

14:20 Rukia: Sufuria lipo wapi?

14:44 Mwanahamisi: Lipo Makorora. Rukia kesho asubuhi panda bajaji ukalichukue.

14:45 Rukia: Shangazi Zuhura hajajibu humu.

14:45 Mwanahamisi: Amesoma.

16:05 Mjomba Athumani: *(ameelekeza ujumbe)* Dua ya kusoma alasiri ya Ijumaa. Watumie watu kumi.

17:30 Mwanahamisi: Waliotuma mpaka sasa ni Hamza na Mjomba. Wawili. Tuko kumi na nne humu.

18:47 Salehe: Dada kuna jambo.

18:47 Mwanahamisi: Umeshachinja?

18:52 Salehe: Yule jike anaatamia. Kijana wangu ndiye kanikumbusha nikiwa nimeshika kisu. Leo siku ya thelathini. Mayai kumi na tatu.

18:53 Mwanahamisi: Salehe! Mchana ulisema amenona!

18:55 Salehe: Alikuwa amekaa katuna manyoya, nikaona amenona. Kumbe ukimnyanyua ni mifupa.

18:56 Bakari: Mama wa watoto kumi na watatu. Anastahili likizo ya uzazi huyo 😂

18:58 Mwanahamisi: Nani mwingine?

19:03 Salehe: Majike mengine matatu yanataga. Vifaranga vya wiki sita. Na dume.

19:04 Mwanahamisi: Nipe usiku nifikirie.

22:40 Zuhura: Nimesoma tangu asubuhi. Nilikuwa nangoja nione kama kuna atakayeniita jina. "Lipo Makorora." Makorora ni ghala?

22:43 Zuhura: Sufuria lilikuja kwangu kwa sababu siku ile hakuna aliyetaka kulibeba. Lilikuwa limejaa masizi, mkono mmoja umekatika. Nimelipeleka kwa fundi kwa hela yangu. Halafu Mombo, mbele ya wageni, nikaambiwa nina mkono mrefu. Mimi. Na tangu hapo hakuna aliyefungua mdomo.

22:44 *Mwanahamisi amefuta ujumbe huu*

22:49 *Mwanahamisi amefuta ujumbe huu*

22:51 Hamza: Jamani, usiku huu.

22:52 Bakari: Bata mwenyewe bado yuko hai anasoma haya 😂

22:52 Hamza: Bakari, si sasa.

23:10 Mwanahamisi: Zuhura mdogo wangu, ya Mombo tusiyaweke humu.

23:11 Zuhura: Yalisemwa hadharani.

JUMAMOSI

05:52 Rukia: Asalaam aleikum. Bibi alipoamka kuswali kaniuliza kwa nini simu ililia usiku kucha. Nimemsomea yote, samahani shangazi zangu, alinikazania. Anasema niandike anavyosema, nisipunguze.

05:55 Rukia: "Sufuria ni la mume wangu. Alilibeba kichwani kutoka Muheza mwaka 1967, mashamba ya mkonge yalipotaifishwa, tajiri wake akafunga nyumba. Hakuna aliyenirithi. Bado napumua."

05:57 Rukia: "Mwanahamisi, mpishi hatumi mtoto kumchukulia sufuria. Anakwenda mwenyewe, anabisha hodi."

05:59 Rukia: "Zuhura, lililosemwa Mombo nililisikia kwa masikio yangu. Nilinyamaza kwa sababu ya wageni. Kunyamaza kule kosa ni langu, wala si la mwanangu yeyote."

06:01 Rukia: "Na bata aliyelalia mayai hachinjwi kwa ajili yangu. Mkimleta sili."

06:02 Rukia: Basi, kamaliza. Ameenda kuota jua.

07:25 Mjomba Athumani: Mkubwa kasema. Mimi sina la kuongeza.

07:50 Hamza: Tumesikia Bibi. Shikamoo.

07:58 Salehe: Shikamoo Bibi. Jike limesalimika.

08:20 Rukia: Bibi anacheka, anasema marahaba. Nimemuuliza Babu alikuwa anafanyaje. Anaongea haraka, vumilieni ninavyoandika.

08:26 Rukia: Anasema dume hilo hilo. Babu alikuwa anapewa madume mazee, yale laini tajiri aliyauza. Kwanza kabisa unakata tezi iliyo juu ya mkia, vinundu viwili vya njano. Ukiviacha, bata mzima ananuka na watu watasema bata ana shombo, kumbe ni wewe mpishi.

08:29 Rukia: Papai bichi lililosagwa na chumvi vinapakwa ndani tumboni tu. Anasema papai lisiguse ngozi, ngozi italainika itachanika. Ngozi inapakwa chumvi tupu.

08:33 Rukia: Siku ya pili sufuria linainjikwa na maji vikombe vitatu, tangawizi na ukwaju, bata anakaa juu ya vijiti asiguse maji. Moto mdogo, maji yakikauka unaongeza. Dume la miaka mitatu saa tatu, pengine nne. Ukichoma paja kwa uma na uma ukaingia bila kusukuma, mtoe. Mwache apoe na akauke kabisa, umpanguse, mpaka ngozi iwe kama karatasi.

08:36 Rukia: Hapo ndipo unapalia. Babu alikuwa anampaka asali na ndimu mwishoni kabisa, robo saa ya mwisho, asali ikitangulia inaungua. Na mafuta yanayoelea kwenye maji ya chini usiyamwage, ndiyo ya kupikia wali.

08:37 Rukia: Anasema wali ule ndio anaoutamani. Bata mwenyewe meno hayapo.

08:40 Mwanahamisi: Siku zote hizo nilidhani ni bata.

08:41 Mwanahamisi: Ameniliza huyu Bibi.

08:44 Bakari: Basi tupike wali tu, bata aende zake 😂

08:45 Mwanahamisi: Bila bata mafuta yatatoka wapi? Salehe chinja dume sasa hivi. Saa nne liwe limenyonyolewa, mchana kutwa na usiku likauke kwenye friji. Kwa kuwa linapikwa mvuke kwanza, usiku mmoja unatutosha. Hamza kasema kipimo cha joto kwenye paja kisipungue nyuzi 74, na kwa saa tatu za mvuke hapo tutakuwa tumepita mbali.

09:30 Salehe: Dada, dume ninalo moja tu kwa majike manne. Nikilichinja mayai yote yatakayofuata ni ya kukaanga.

09:31 Mwanahamisi: Salehe.

09:33 Hamza: Natuma elfu arobaini ununue dume jingine. Isiwe hoja.

09:35 Salehe: Si hela kaka. Dume hili nililetewa na marehemu shemeji Kassimu, likiwa kifaranga.

10:02 Mjomba Athumani: Allah amrehemu.

10:03 Bakari: Amin.

10:03 Rukia: Amin.

10:15 Mwanahamisi: Amin. Salehe, sikulazimishi, ila ifikapo adhuhuri nijue. Kama ni kununua bata kwingine nitakwenda Pongwe au Mgandini sokoni, na huko sitajua umri wake wala alikula nini.

10:16 Mwanahamisi: Niko kwenye bajaji, nakwenda Makorora. Mwenyewe.

11:05 Mama Swabra: Samahani jamani bando lilikata. Ndiyo naona. Bata wa nini?

11:06 Bakari: Panda juu usome mama, ukimaliza ni Jumatatu 😂

11:20 Zuhura: Dada, mimi niko sokoni Mgandini. Sikujua kama unakuja leo.

11:24 Zuhura: Jirani kanipigia, anasema kuna mama kasimama mlangoni na kikapu, kabisha hodi mara nne. Ni wewe?

11:24 Mwanahamisi: Ni mimi.

11:25 Zuhura: Nitafika saa nane hivi. Sufuria lina unga wa maandazi, sikuahidi kitu.

11:25 Mwanahamisi: Nangoja.

11:31 Zuhura: Kuna kigoda nyuma chini ya mwembe. Hapo mbele jua kali.

11:32 Mwanahamisi: Nimekiona.

12:14 Bakari: Nimetuma elfu tano. Iliyobaki mwisho wa mwezi.

12:40 Salehe: *(picha)* Nimelitia tengani. Bado naliangalia.

12:58 Rukia: Bibi anauliza, ukwaju umelowekwa?